Niongezee Hatari

Baba mkubwa Ndelilio aliingia ofisini kwangu Jumatatu saa nne asubuhi, akafunga mlango, akafunga dirisha, akaanza kuhangaika na pazia mpaka nikamwambia pazia lile ni picha tu, limechorwa ukutani. Akalipapasa kuhakikisha. Halafu akaketi, akavua kofia, akaniomba kitu ambacho katika miezi kumi na minne ya kazi ile sikuwahi kuombwa na mtu.

"Aikande, mwanangu," alisema, "niongezee hatari."

Watu wote huja kuomba kupunguziwa. Mimi ni msomaji wa shanga wa mnara wetu, kazi niliyopewa kwa sababu kidato cha nne nilifaulu hesabu na sikufaulu kitu kingine chochote. Huku mlimani ardhi iliisha kabla sijazaliwa, ndiyo maana vihamba, mashamba yetu ya ukoo, vikapandishwa juu: ghorofa ishirini za migomba, kila ukoo na ghorofa yake. Sisi tuko ya kumi na moja. Wa ya kumi na mbili wakimwagilia kupita kiasi, kwetu inanyesha. Ugomvi wa mipaka ambao babu zetu walikuwa nao na majirani wa kushoto na kulia, sisi tunao na wa juu na wa chini.

Kila mtu mzima wa mnara amefungwa shanga moja mkononi. Shanga inanusa jasho, inajua umekunywa nini, lini, kiasi gani na kama ulikula kwanza, halafu inapeleka umbea wote kwa mashine iliyoko nyuma ya kiti changu. Mashine ina jina refu la kiserikali. Sisi tunaiita Bi Takwimu. Anachofanya Bi Takwimu ni hiki: anachukua watu mia wenye mwili kama wako, umri kama wako na unywaji kama wako, anawasimamisha uwanjani, anarudi baada ya miaka kumi. Namba yako ni wale ambao hatawakuta.

Nilimfungua Baba mkubwa kwenye kioo kwa mara ya kwanza, maana namba ya mtu haifunguliwi mpaka mwenyewe aje kuuliza. Kumi na moja.

Nikaigonga mashine ubavuni. Kumi na moja ni namba ya mtu anayelala mapema na kula mboga. Huyu alikuwa na miaka sabini na moja, na zaidi ya hapo alikuwa mwonjaji wa ukoo. Kwetu mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haigusi mdomo wa mtu mpaka mwonjaji ameimeza mbele ya watu na kutamka kwamba imeiva na ni salama. Arusi, ubatizo, msiba na kila Jumamosi ya kawaida, miaka thelathini, yeye ndiye wa kwanza.

"Mashine imeharibika," nilisema.

"Haijaharibika." Akageuka kuangalia pazia la kuchorwa. "Simezi."

Basi akanieleza. Miaka kumi na moja iliyopita daktari alimkuta na vidonda vya tumbo, akamkataza hata harufu. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na ubatizo, akaona ahadae siku hiyo moja tu, asiharibu sherehe ya watu. Akainua kata, ile nusu ya kibuyu yenye mkia tunayonywea, akaweka mdomo, akapandisha koromeo na kulishusha. Watu wakashangilia. Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa amekuwa fundi. Akanionyesha pale kitini, koromeo likapanda na kushuka kama lifti yetu, kwa tofauti kwamba lenyewe halikwami.

Tatizo lilikuwa Jumamosi inayokuja. Nilikuwa nigawe shanga mpya, hizi zinazowaka ili kila mtu aone: kijani chini ya kumi na tano, njano mpaka thelathini, nyekundu kuanzia hapo.

"Mwonjaji wa pombe mwenye shanga ya kijani," alisema, "ni kama mwalimu wa kuogelea mwenye boya kiunoni. Wataniondoa kwenye benchi la wazee, Aikande. Nitakaa wapi?"

Nilikuwa nimeapa mbele ya bendera mambo mawili: namba ya mtu sitaitoa, na namba ya mtu sitaibadili. Lakini baba yetu alipofariki ni huyu mzee aliyehamia kwetu kunilea mimi na kaka yangu. Alinisuka nywele kwa miaka minne. Alisuka vibaya, nilikuwa naenda shule kama godoro lililopasuka, lakini alisuka kila Jumapili bila kukosa. Nikaandika ishirini na mbili. Shanga ya njano ikatoka mashineni ikiwa ya moto kama chapati. Nikamwambia nitamfunga Jumamosi mbele ya watu, akanishika mkono, akaondoka akiwa amesahau kofia.

Nikajiambia ni namba tu. Namba haijawahi kuua mtu.

*

Jumanne kaka yangu Kaanaeli aliingia akipiga mluzi. Kaanaeli ana miaka thelathini na moja na ni fundi wa pampu za mnara. Kazi yake ni kujua maji yaliyopandishwa juu na hayakutoka chini yamepotelea wapi. Alipooa, miaka miwili nyuma, alipewa nafasi ya nane kwenye benchi la wazee, nafasi ya mwisho kabisa iliyoachwa na marehemu mmoja, na tangu siku hiyo anatembea kama mtu aliyemeza fimbo. Siku anakaa pale kwa mara ya kwanza namba yake ilikuwa sita. Halafu kumi na tano. Halafu ishirini na nne. Wiki iliyopita ilikuwa thelathini na nne, nikaenda kulia chooni, nikanawa uso, nikarudi kumtania.

"Imesoma thelathini na tatu," alisema, akinionyesha mkono. "Imeshuka yenyewe. Unaona? Na sijaacha hata tone."

Nilimkumbusha kwamba watu thelathini na watatu ni timu tatu za mpira, zote zimezikwa. Akanijibu kwamba yeye Jumatatu mpaka Ijumaa ni kama mtawa, maji na chai tu, wakati jirani yetu wa ghorofa ya tisa anakunywa kila siku na ana kumi na nane. Hilo nimeshawaeleza watu mpaka nimechoka. Bi Takwimu haangalii tu jumla. Lita nane zilizogawanywa wiki nzima, kidogo kidogo, pamoja na chakula, ana namba yake. Lita nane hizohizo zikipigwa zote mchana mmoja, tumbo tupu, ana namba nyingine, na hiyo nyingine si ya kuchekea. Ini halijui kwamba ulipumzika Jumatano. Linachojua ni kilicholifika Jumamosi.

Nikamwomba, na hapa sikutania, aachie ile nafasi ya nane hata kwa miezi mitatu.

"Aika," alisema. Ananiita hivyo anapotaka kunifunga mdomo. "Baba mkubwa anakunywa tangu baba yetu yuko na kaptula. Anapanda ngazi ghorofa kumi na moja bila kuhema. Mimi na yeye damu moja. Mashine yako inajua nini?"

Nilikuwa na la kumjibu. Lilikuwa kwenye droo ya kushoto, linawaka njano.

Alipotoka nilimuuliza Bi Takwimu kwa nini namba ya Kaanaeli imeshuka. Bi Takwimu ana sauti ya mtangazaji wa harusi. Akasema mkazi mmoja wa ghorofa ya kumi na moja, mwenye miaka sabini na moja, ameonekana kunywa sana kwa muda mrefu bila madhara yoyote, hivyo amerekebisha makadirio ya ndugu zake wote. Akamalizia kwa kutupongeza.

Nikakaa. Ile namba tu niliyoiandika jana ilikuwa imetoka kwenye droo, ikaenda kumwambia kaka yangu aendelee.

*

Jumatano saa mbili akaja Mzee Ngilisho, wa pili kwenye benchi. Akafunga mlango, akafunga dirisha, akaenda kwenye pazia.

"Limechorwa," nilimwambia.

Alizunguka sana, akaanza na hali ya hewa, akapitia bei ya mbolea, ndipo akafika. Mke wake marehemu, siku mbili kabla ya kufariki, alimwahidisha asiguse tena pombe. Yeye akaahidi, na ahadi aliyopewa mtu anayekufa hairudishwi. Lakini benchi nalo lilikuwa lake tangu ujana. Kwa hiyo tangu hapo anaweka mdomo tu. Ni yeye peke yake kwenye benchi zima mwenye aibu hiyo, alisema, na angeshukuru kama ningempa njano.

Mchana akaja wa tatu, ana sukari. Alhamisi wakaja watatu, wawili kati yao karibu wagongane mlangoni. Mmoja akajifanya amekuja kuuliza saa. Wa presha, wa dawa za magoti, na jioni wa figo. Kila mmoja peke yake, kila mmoja na siri yake nzito, kila mmoja akiniapisha nisimwambie Ndelilio maana Ndelilio ni mnywaji wa kweli na angemdharau. Ijumaa asubuhi akaja Mzee Ndemasi, wa saba, miaka sitini, mwili kama jiwe. Nikamuuliza yeye anaumwa nini.

"Siumwi," alisema. "Sijawahi kuipenda. Inanuka soksi. Lakini nilivyopewa nafasi, nikaogopa kusema, na kadiri unavyokaa inazidi kuwa vigumu kusema."

Baada ya yeye kutoka nilimpa Bi Takwimu jaribio: kama wazee wote saba wangeandikwa ishirini na mbili, Kaanaeli angekuwa na ngapi? Akajibu haraka kwa furaha. Kumi na tisa. Njano safi. Kaka yangu angefungwa shanga ya njano mbele ya ukoo mzima, angeiinua juu, na ingekuwa uongo kutoka ukingo mmoja wa uwanja mpaka mwingine.

Ndipo nikaanza kuhesabu, maana hesabu ndiyo kitu pekee ninachokijua. Chungu cha wazee kinachukua kata nane. Kata inaanza kwa mkubwa, inashuka benchi zima, na yule wa mwisho ana sheria yake: kata hairudi chunguni na pombe. Wa mwisho anaimaliza, anaigeuza kifudifudi juu ya goti, isidondoke hata tone, wazee wanasema vema. Kuchungulia kata ya mwenzako ni utovu wa adabu, kwa hiyo hakuna anayejua imebaki na nini. Mikono saba inaipitisha. Na chungu kila Jumamosi jioni kinakuwa kikavu kama sufuria ya dukani.

Wazee saba hawamezi. Kata nane.

Namba ya Kaanaeli haikuwa yake. Zilikuwa namba za watu wanane, zimemwagwa kwenye tumbo moja, na mwenye tumbo alikuwa anaona ni heshima.

Nikatoa shanga nyingine ya Baba mkubwa, ya kumi na moja, ya kijani. Ile nitakayoifunga ndiyo Bi Takwimu ataiamini kuanzia hapo, na namba ya Kaanaeli itaifuata. Njano nikaiweka mfuko wa kushoto, kijani wa kulia. Kusema siri zao nisingeweza. Nilikuwa nimeapa kwa bendera, na tena nimeapa mara saba kwa wazee, na hao wanatisha kuliko bendera. Kumwacha Kaanaeli nisingeweza pia. Usiku ule sikupata jibu. Asubuhi nikiwa napiga mswaki likaja.

*

Jumamosi saa nane mchana ghorofa ya kumi na moja ilikuwa imejaa. Wazee saba na Kaanaeli kwenye benchi chini ya migomba, akina mama upande wa pili na vyungu vyao, Shangazi Haikasia katikati akisimamia. Shangazi ndiye mpishi wa mbege ya ukoo, na ni mwanamke ambaye hata jua likimpiga usoni anaona limemkusudia.

Baba mkubwa akaonja. Koromeo likapanda, likashuka. Akatikisa kichwa, akasema imeiva. Watu wakashangilia. Akanitupia jicho, nami nikagusa mfuko wa kushoto kumtuliza, na nikajichukia kidogo.

Kuna desturi nyingine kwetu ambayo watu wameisahau kwa sababu haijawahi kuleta shida. Anayekuja na zawadi kwenye mkao ndiye anayesema kata ianzie wapi. Anaulizwa, na kwa adabu anajibu ianze kwa mkubwa, kila mara, tangu dunia iumbwe. Nilikuwa na kikapu cha shanga. Shangazi akajaza kata, akaniuliza bila hata kunitazama, mkono tayari umeelekea kwa Baba mkubwa.

"Ianze kwa mdogo," nilisema.

Shangazi akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema hawa watoto wa mashine wana mambo, lakini desturi ni desturi, akaipeleka kata mwisho wa benchi.

Kaanaeli akaipokea kwa mikono miwili. Kwa kuwa safari hii wakubwa walikuwa mbele yake na si nyuma, akafanya kama mtu mwenye malezi: akanywa funda moja dogo, akapitisha. Mzee Ndemasi akaweka mdomo, koromeo, akapitisha. Wa magoti, koromeo. Wa presha, koromeo. Lilikuwa jambo zuri kulitazama, kama gwaride. Ngilisho alipoipitisha, kata ilikuwa inakwenda polepole sana, kwa uangalifu, jinsi mtu anavyobeba kitu kilichojaa mpaka ukingoni.

Ikafika kwa Baba mkubwa, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Akaangalia ndani ya kata. Akainua macho akaangalia benchi, mzee mmoja baada ya mwingine, na wazee sita wakawa ghafla wanachunguza migomba kama hawajawahi kuiona. Niliona ameelewa. Aliangalia mbali zaidi, mpaka mwisho, kwa Kaanaeli, na nadhani alielewa mara ya pili, maana aliisahau kata mkononi, ikainama, pombe ikamlowesha vidole.

Hapo ndipo nilipotishika. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa hiki: kwamba angeweza kuimaliza. Alikuwa na kiburi cha kutosha. Lita nzima juu ya vidonda, siri zote saba zikabaki salama, na mimi nikawa nimemuumiza mtu aliyenisuka. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka alipoweka kata mdomoni.

Akanywa. Funda moja, la kweli. Tulisikia likishuka.

Akatulia. Uso wake ukajikunja kuanzia kidevuni kwenda juu.

"Haikasia," alisema.

"Abee, kaka."

"Hii pombe imekuwa hivi tangu lini?"

Shangazi akaweka upawa chini. Akasema imekuwa hivyo tangu waanze kuletewa ulezi wa kiwandani, mwaka wa tisa huu. Mwenyewe alijua tangu chungu cha kwanza kwamba ni mbaya. Akasubiri mwonjaji aseme. Kila Jumamosi mwonjaji akatikisa kichwa akasema imeiva, basi akaona labda ulimi wake ndio umezeeka. Mama mmoja wa nyuma akasema hata yeye alidhani ni ulimi. Mwingine akasema alishakwenda kwa daktari wa meno.

Kaanaeli alikuwa ameinuka. Akatembea benchi lote mpaka kwa Baba mkubwa, akafanya lile lisilofanywa, akachungulia ndani ya kata ya mwenzake. Nilimwona akipiga hesabu zake za pampu: kilichoingia huku, kilichotoka kule.

"Mimi nimekunywa funda moja," alisema taratibu. "Baba mkubwa funda moja. Hapa katikati hakuna kilichopungua." Akawatazama wazee, na wazee wakaendelea na migomba yao. "Kwa hiyo miaka miwili hii nilikuwa nakunywa na nani?"



"Ulikuwa unakunywa badala yetu, mwanangu," alisema Baba mkubwa. "Na mimi sikujua. Kila mtu hapa alidhani ni yeye peke yake."

Akainuka, akaenda kwenye shina la mgomba wa karibu, akamimina kata yote, akaigeuza chini juu, akangoja mpaka tone la mwisho. Halafu akaja kwangu, akakunja mkono wa shati, akanyoosha mkono. Kwa mazoea vidole vyangu viliingia mfuko wa kushoto.

"Hiyo hapana," alisema. "Ile nyingine."

Nikamfunga. Ikawaka kijani mbele ya ukoo mzima, naye akaiinua kidogo ili na wa nyuma waone. Mzee Ndemasi alikuwa wa pili kunyoosha mkono, haraka, kama mtu aliyengoja foleni miaka mingi. Saba za kijani. Ya Kaanaeli nikaifunga mwisho. Thelathini na nne, nyekundu ya kuumiza macho. Akavuta shati kuifunika. Baba mkubwa akalikunja tena, akasema iache ionekane, ni ya benchi zima hii, kisha akasogea na kumpa nafasi ya kukaa kando yake.

 Mzee Ndemasi akauliza kwa adabu kama kuna chai.

Shangazi Haikasia akasema chai ipo. Akasema pia kwamba safari hii ataionja mtu kwanza, na yeye atasimama palepale mbele yake mpaka aone imemezwa.